Bomba Lililopinda Chini ya Sinki

Utakapopata nafasi, inama utazame chini ya sinki la jikoni. Ikiwa nyumbani kwenu hakuna sinki, tazama lile la zahanati, la shule, au la nyumba yoyote yenye maji ya bomba. Utaona kwamba bomba linalotoa maji machafu haliendi moja kwa moja ukutani. Kwanza linashuka, kisha linapinda na kupanda tena kidogo, halafu ndipo linapoelekea ukutani. Mahali pengine hakuna kona ya namna hiyo, bali kuna kikombe cha plastiki kilichofungwa chini ya sinki. Ukikifungua utakuta kwamba ndani yake nako maji hulazimika kushuka na kupanda kabla ya kutoka.

Jambo hili ni la kushangaza. Sote twajua kwamba maji hutiririka kutoka juu kwenda chini. Kwa nini basi fundi bomba ameyalazimisha kupanda? Je, bomba lililonyooka lisingepitisha maji kwa urahisi zaidi, wala lisingeziba upesi?

Katika somo hili utajifunza sababu ya kona hiyo. Utajifunza pia jinsi ya kutafuta kosa wakati maji yanapokataa kwenda, na hasa pale ambapo sinki na mashine ya kufulia nguo hutumia bomba moja.

Maji hutafuta usawa

Huenda umewahi kumwona fundi mwashi akipima usawa wa msingi wa nyumba. Yeye hutumia mpira mrefu unaoonyesha ndani, uliotiwa maji. Mwenzake hushika ncha moja kwenye kona hii ya msingi, naye hushika ncha ya pili kwenye kona ile. Maji yakishatulia, fundi hutia alama mahali yalipofikia kila upande, na alama hizo mbili huwa sawasawa hata kama ardhi iliyo kati yake ina mabonde.

Nawe fanya jaribio hilo. Tafuta mpira unaoonyesha ndani, wenye urefu wa mita 1 hivi. Ushike upinde kama herufi U, kisha utie maji hadi nusu. Inua ncha moja. Maji yanafanya nini? Inua ncha ya pili. Utaona kwamba kila unapotulia, maji ya pande zote mbili husimama kwa kimo kimoja.

Sasa endelea kutia maji polepole upande wa kushoto, huku upande wa kulia ukiwa chini kidogo kuliko wa kushoto. Maji yatapanda pande zote mbili hadi yafike kwenye mdomo wa kulia, kisha yatamwagika. Acha kutia. Kumwagika kutakoma mara moja. Lakini chunguza vizuri: je, mpira umebaki mtupu? La, haukubaki mtupu. Maji yamebaki katika pindo la chini, na yamejaa hadi kwenye mdomo ule ulio chini.

Hivyo ndivyo ilivyo kona iliyo chini ya sinki. Kila mtu anapoosha vyombo, maji mapya huyasukuma ya zamani, nayo hupita juu ya ukingo na kwenda zake. Maji ya mwisho hayaondoki, bali hubaki ndani ya kona mpaka safari nyingine. Mafundi bomba wengi huiita kona hiyo trapu, nasi tutalitumia jina hilo. Katika sinki nyingi za jikoni kina cha maji hayo ni kama milimita 75, yaani upana wa vidole vinne vya mtu mzima.

Mlango wa maji

Maji hayo machache yana kazi kubwa. Upande mmoja wa trapu kuna jiko lenu, na upande wa pili kuna bomba liendalo kwenye chemba, kisha kwenye shimo la maji machafu au kwenye mabomba makubwa ya mji. Huko mabaki ya chakula na uchafu wa vyoo huoza. Vitu vinapooza pasipo hewa safi, gesi mbalimbali hutokea. Mojawapo hunuka kama yai viza, na ikiwa nyingi mahali palipofungwa humdhuru mtu. Nyingine haina harufu, lakini huwaka moto. Zaidi ya hayo, mende hupenda kutembea katika mabomba hayo usiku.

Kama bomba lingekuwa limenyooka, gesi hizo na wadudu hao wangepanda wazi hadi jikoni. Maji yaliyo katika trapu huwazuia. Kwa hiyo trapu ni mlango wa ajabu: huyaruhusu maji kutoka, lakini huizuia hewa chafu isiingie, na haina bawaba wala ufunguo.

Mtu wa kwanza kupewa hati ya uvumbuzi kwa ajili ya choo cha maji chenye bomba la namna hii alikuwa Alexander Cumming, fundi wa saa aliyezaliwa Uskoti na kufanya kazi London. Hiyo ilikuwa mwaka 1775. Bomba lake lilipindwa kama herufi S. Saa zake zilikuwa na magurudumu mengi madogo, lakini kifaa hiki ambacho hakina hata gurudumu moja ndicho kinachotumika leo karibu kila mji wa dunia.

Usidhani kwamba mlango huu hulinda pua tu. Mwezi Machi mwaka 2003, zaidi ya watu 300 waliokuwa wakiishi katika majengo marefu ya Amoy Gardens, mjini Hong Kong, waliugua ugonjwa mpya wa mapafu ulioitwa SARS, na baadhi yao walikufa. Wachunguzi walishangaa kuona kwamba watu wa ghorofa mbalimbali, ambao hawakutembeleana, waliugua karibu kwa wakati mmoja. Walipochunguza mabomba, waligundua kwamba trapu nyingi za sakafuni katika mabafu zilikuwa zimekauka. Wakazi walikuwa wakipangusa sakafu kwa tambara badala ya kuimwagia maji, hivyo hapakuwa na kitu cha kuzijaza. Feni za mabafuni, zilipokuwa zikitoa hewa nje, zilivuta hewa kutoka ndani ya mabomba, na matone madogo yenye virusi yakaingia nyumbani mwa watu. Wachunguzi waliamua kwamba hiyo ilikuwa njia mojawapo kubwa ya kuenea kwa ugonjwa katika majengo yale. Kopo moja la maji kwa kila trapu lingetosha kuufunga mlango huo.

Shangazi na mashine yake

Sasa tuseme umemtembelea shangazi yako, anayekaa katika ghorofa ya tatu ya jengo moja mjini Dar es Salaam. Jikoni mwake, chini ya meza iliyo kando ya sinki, kuna mashine ya kufulia nguo. Kwa kuwa jiko ni dogo, mpira wa kutolea maji ya mashine haukuwekewa bomba lake peke yake. Umeunganishwa kwenye tawi dogo lililo ubavuni mwa bomba la sinki, juu kidogo ya trapu.

Unamkuta shangazi ameshika tambara na ndoo. Mashine inapoanza kutoa maji, maji ya kijivu yenye povu hupanda ndani ya sinki, hulijaza, kisha humwagika sakafuni. Jirani wa chini amekwisha kuja mara mbili kulalamika kwamba dari lake linavuja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umenikuta katika mashaka. Mashine yangu imekufa. Fundi amesema pampu imeharibika, ninunue nyingine."

Usikubali upesi, wala usimbishie mkubwa kwa maneno matupu. Fikiri kwanza. Je, maji yamefikaje ndani ya sinki?

Maji ya mashine yako chini, karibu na sakafu, na sinki iko juu. Maji hayawezi kupanda yenyewe. Ndiyo maana mashine ina pampu, ambayo huyasukuma maji kwa nguvu za umeme kupitia mpira hadi kwenye bomba la sinki. Ikiwa maji yamefika katika sinki, basi kitu fulani kimeyapandisha, na kitu hicho ni ile pampu inayosemekana kuwa imekufa. Maji yale ya kijivu ndiyo ushahidi wa kuwa ni nzima. Kama shangazi angenunua pampu mpya, angepoteza fedha zake, na jirani wa chini angeendelea kulowa.

Kosa, basi, liko mbele ya mashine. Maji yanafika mahali ambapo njia ya mashine na njia ya sinki hukutana, lakini hayawezi kuendelea. Yakishindwa kuendelea, hutafuta mahali palipo wazi, na mahali palipo wazi ni tundu la sinki.

Jaribu kitu kimoja kimoja

Mtu mwenye haraka hugusa kila kitu kwa pamoja. Hufungua mpira, humwaga dawa, huigonga mashine, na maji yakienda hajui ni kipi kilichosaidia. Mwanasayansi hubadilisha kitu kimoja, akaangalia, kisha akabadilisha kingine.

Mwombe shangazi azime mashine na kuichomoa kwenye umeme. Jambo hili lifanywe kabla ya jambo lingine lolote, kwa maana sakafu imelowa, na maji pamoja na umeme huua. Kisha mimina jagi moja la maji katika sinki tupu, utazame.

Maji yakizunguka na kuondoka haraka, njia ya sinki ni safi, na kosa litafutwe katika njia ya mashine peke yake. Yakisimama, au yakienda polepole, njia ile ya pamoja imeziba. Katika jiko la shangazi maji yanasimama. Yeye mwenyewe anasema kwamba tangu wiki tatu zilizopita sinki imekuwa ikichelewa, ila hakujali, kwa kuwa maji ya kuosha vikombe ni machache na hatimaye yalikwenda. Mashine haimwagi maji kidogo kidogo. Ndani ya dakika moja au mbili huweza kusukuma maji ya kujaza nusu ya ndoo na zaidi. Bomba lililobanwa huweza kuyapokea maji ya vikombe, lakini hayo mengi huyashindwa.

Sasa mtu mzima afungue trapu. Aweke ndoo chini yake kwanza. Watu wengi husahau ndoo, nao hukumbuka baada ya miguu yao kulowa. Trapu nyingi za plastiki hufunguliwa kwa mkono, bila spana. Ndani yake shangazi anakuta uji mzito mweupe wenye harufu mbaya, nyuzi za nguo, punje za wali na kifuniko cha chupa. Anasafisha kwa brashi, anatazama kama ile pete ya mpira inayozuia kuvuja ingali nzima, kisha anarudisha kila kitu mahali pake. Anakaza kwa mkono tu, kwa sababu plastiki ikikazwa kupita kiasi hupasuka.

Unamimina jagi la pili la maji. Yanakwenda. Unapangusa nje ya trapu kwa kipande cha karatasi kavu na kukitazama: hakikulowa. Hapo ndipo mashine inapochomekwa tena kwenye umeme.

Kama trapu ingekuwa safi na maji bado yasimame, kizuizi kingekuwa mbali zaidi, katika bomba la ukutani au katika chemba. Hapo angehitajika fundi mwenye waya wake mrefu wa kuzibulia. Na kama majirani wa ghorofa za chini nao wangekuwa na shida hiyo hiyo, lingekuwa jambo la jengo zima, wala si la shangazi.

Uji mweupe ulitoka wapi?

Shangazi anaapa kwamba hakuna mtu aliyetia uji katika sinki. Anasema kweli. Fanya jaribio hili ukiwa na mtu mzima. Weka kijiko kimoja cha samli au mafuta ya nyama katika kikombe, kisha mimina maji ya moto. Mafuta huyeyuka na kuelea, yakawa laini kama maji. Mimina mchanganyiko huo katika sahani ya bati iliyo baridi, uiache mpaka ipoe kabisa. Pitisha kidole juu yake. Unaona nini?

Hivyo ndivyo mafuta yanavyofanya ndani ya bomba. Sufuria ya pilau inapooshwa kwa maji ya moto, mafuta huondoka kwa urahisi, nasi hudhani kuwa yamekwisha. Yakifika mbele kidogo hukutana na bomba baridi, huganda na kushika ukutani mwake. Kesho yake mengine hushika juu ya hayo. Sabuni nayo, ikikutana na maji magumu ya visima, hufanya ukoko mweupe usioyeyuka. Nyuzi za nguo kutoka katika mashine hunasa katika ukoko huo kama taka zinavyonasa katika nyavu, na tundu la bomba huzidi kuwa jembamba siku hata siku.

Katika mji mkubwa mambo haya huwa makubwa pia. Mwezi Septemba mwaka 2017, wafanyakazi wa mabomba ya maji machafu huko London walikuta chini ya mtaa wa Whitechapel bonge moja la mafuta yaliyoganda pamoja na vitambaa na taka nyingine. Urefu wake ulikuwa mita 250, na uzito wake ulikadiriwa kuwa tani 130. Walilikata kwa wiki nyingi. Kipande chake kiliwekwa katika jumba la makumbusho mwaka uliofuata, na watu walikwenda kukitazama.

Kwa hiyo afadhali kuipangusa sufuria kwa karatasi au kwa majivu kabla ya kuiosha. Watu wengine hupenda kununua dawa kali ya kuzibua mabomba. Huenda dawa hiyo ikasaidia, lakini huunguza ngozi na macho, na isipozibua hubaki ndani ya trapu ikimngoja fundi atakayekuja kuifungua. Usiiguse kamwe. Wala mtu yeyote asichanganye dawa za kusafishia za aina mbili, kwa maana baadhi yake zikikutana hutoa gesi yenye sumu.

Maji yanayovuka ukingo

Kuna makosa mengine ambayo hayatokani na kuziba. Ili uyaelewe, fanya jaribio hili nje ya darasa.

Chukua ndoo mbili na mpira wenye urefu wa mita 1 na nusu. Weka ndoo moja iliyojaa maji juu ya kiti, na nyingine tupu chini. Zamisha mpira wote ndani ya maji ya ndoo ya juu mpaka mapovu ya hewa yakome kutoka. Ziba ncha moja kwa kidole gumba, uitoe nje na kuishusha hadi kwenye ndoo ya chini. Ncha nyingine iache ndani ya maji. Sasa ondoa kidole. Usivute maji kwa mdomo kama wafanyavyo watu wanaohamisha mafuta ya taa, kwani wengine wao huyameza.

Maji yanapanda ukingo wa ndoo ya juu, yanauvuka, kisha yanashuka katika ndoo ya chini, na hakuna pampu! Inua ndoo ya chini polepole. Kadiri unavyoiinua ndivyo mtiririko unavyopungua, na maji ya ndoo mbili yanapokuwa kwa kimo kimoja, mtiririko unakoma.

Maji yaliyo katika mkono mrefu wa mpira ni mazito kuliko yale ya mkono mfupi, kwa hiyo huanguka. Yanapoanguka, hewa inayokandamiza uso wa maji ya ndoo ya juu huyasukuma mengine yaje kushika nafasi yao. Mtiririko huu huitwa sifoni. Ukiingiza hewa mahali pa juu kabisa pa mpira, sifoni hukatika papo hapo, kama uzi uliokatwa kwa mkasi.

Sasa rudi kwenye mashine. Katika nyumba nyingi mpira wa kutolea maji hulazwa sakafuni ukielekea kwenye tundu la bafuni. Mashine huingiza maji, nayo hutiririka kupitia mpira na kutoka yote, kwa kuwa ncha ya nje iko chini kuliko maji yaliyomo ndani. Mashine husubiri ijae, isijae, na bili ya maji huongezeka. Watu huilaumu mashine, hali kosa ni la mpira. Dawa yake ni kuupandisha mpira nyuma ya mashine hadi kimo cha sentimita 60 au zaidi kutoka sakafuni, na kuishikiza ncha yake hapo juu, katika mdomo wa bomba lililo wazi, pasipo kuuziba mdomo huo. Hivyo hewa hupata nafasi ya kuingia, na sifoni haiwezi kuanza.

Kosa lingine ni kinyume cha hilo. Tuseme mpira umeunganishwa kwenye bomba la sinki, lakini unateremka moja kwa moja kutoka hapo hadi kwenye mashine. Mtu anapomwaga maji ya vyombo, sehemu yake huingia katika mpira na kushuka hadi katika nguo zilizofuliwa. Nguo hutoka na harufu ya samaki! Hapa nako hakuna kifaa cha kununua. Mpira upandishwe kwanza karibu na uso wa meza, ufungwe huko kwa kamba au kwa waya laini, kisha ndipo ushuke kwenye tawi la bomba. Maji ya sinki hayatapanda mlima huo, isipokuwa sinki yenyewe iwe imejaa sana.

Ikiwa sinki hutoa maji vizuri, lakini mashine hubaki na maji ndani na nguo zikielea, tazama mambo matatu. Huenda mashine ilisukumwa ukutani ikaukunja mpira. Huenda chujio la pampu limenasa sarafu, kifungo au pini. Chujio hilo huwa chini, mbele ya mashine nyingi, na mtu mzima hulifungua baada ya kuweka sahani pana ya kukinga maji. Na kama mashine imefungwa jana tu, huenda tawi la bomba bado lina kile kizibo cha plastiki kilichowekwa kiwandani. Kizibo hicho huwekwa ili bomba lisivuje kwa watu wasio na mashine. Mwenye mashine asipokiondoa, maji hayana pa kupita. Mafundi wenyewe hukisahau, kisha huitafuta pampu.

Sauti ndani ya bomba

Mwishowe, sikiliza. Sinki linapomaliza kutoa maji hufanya mlio kama mtu anayesukutua koo. Mlio mfupi si kitu. Lakini ukiwa mkubwa, na baada yake jiko likaanza kunuka, maji mengi yaliyopita kwa kasi yameanzisha sifoni ndani ya bomba na kuyavuta hata yale yaliyopaswa kubaki katika trapu. Mlango umefunguliwa. Ili kuzuia jambo hilo, wajenzi husimamisha bomba refu linalopanda ukutani hadi juu ya paa, na ncha yake huachwa wazi. Wengi hudhani kwamba bomba hilo ni la kutoa harufu tu. Hutoa harufu, kweli, lakini pia huingiza hewa nyuma ya maji yanayoshuka, ili yasipate nguvu ya kuvuta trapu za watu. Ndege wakijenga kiota juu yake, sinki za jengo zima huanza kulia.

Maswali na kazi za kufanya

1. Chora katika daftari lako bomba la sinki lenye trapu. Paka rangi mahali ambapo maji hubaki baada ya sinki kuwa tupu.

2. Katika jaribio la ndoo mbili, kwa nini mtiririko ulikoma ndoo ya chini ilipoinuliwa?

3. Sinki ya jirani hutoa maji haraka, lakini mashine yake haitoi maji. Fundi anataka kufungua trapu ya sinki. Je, utamshauri aanze na nini, na kwa nini?

4. Chunguza maji machafu ya jikoni nyumbani kwenu huenda wapi. Kama humwagwa kwenye migomba, eleza kwa nini hakuna haja ya trapu huko.

5. Familia moja ilifunga nyumba yake mjini na kwenda kijijini kwa miezi mitatu. Bomba lote lilikuwa zima na safi siku waliyoondoka. Waliporudi, walikuta nyumba inanuka kama yai viza. Baba alitaka kumwita fundi, lakini mtoto wa darasa la tano alichukua jagi la maji. Alilimimina wapi?